Benki inataka kunilipia uzamivu kuhusu rehani. Nisaini?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni wakili na mhadhiri msaidizi wa sheria, nina miaka 34. Huu ni mwaka wangu wa nne chuoni: nafundisha sheria ya mali kwa wanafunzi wa mwaka wa pili na dhamana za mikopo kwa wanaokaribia kuhitimu. Siku mbili kwa wiki niko kwenye ofisi ndogo ya mawakili ambako kazi yangu kubwa ni rehani. Nafanya upekuzi wa hatimiliki, naandika mkataba, namsainisha mkopaji na mwenzi wake, kisha napeleka hati kusajiliwa. Mshahara wa chuo peke yake haunitoshi, wala sioni aibu kulisema hilo.

Sasa nataka kusoma uzamivu, na pendekezo langu la utafiti limeshapitishwa. Nataka kuchunguza nyumba za kuishi ambazo mkopeshaji huziuza mwenyewe bila kupitia mahakamani. Zinauzwa kwa bei gani ukilinganisha na ripoti ya uthamini? Nani huzinunua? Mwenye nyumba hubaki na nini deni likishakatwa?

Wazo hili halikutoka vitabuni. Miaka sita iliyopita, nikiwa wakili mchanga, mume na mke waliingia ofisini kusaini. Mume alikuwa na haraka. Nilimweleza mke maana ya ridhaa ya mwenzi, dakika tano hivi, yeye akitikisa kichwa tu. Akasaini. Miaka mitatu baadaye nilikuwa nasoma gazeti nikaona tangazo la mnada, namba ya kiwanja nikaitambua. Sikujua kilichotokea katikati. Mpaka leo sijui, na nadhani ndiyo sababu nataka kujua kwa nyumba zote.

Chuo kimenipa ufadhili wa ada tu, hela ya kujikimu hakuna. Nikiwa katika kuhangaika, mkuu wa kitengo cha sheria wa benki moja ambayo ofisi yetu huiandalia hati (tulisoma darasa moja) akaniambia, "Dada, acha kuteseka, sisi tutakulipa posho ya miaka mitatu." Juu ya hapo watanifungulia majalada 400 ya nyumba walizokwisha kuziuza. Mengine niliyaandaa mwenyewe, kwa hiyo nayafahamu vizuri. Mwalimu, hayo ni majalada ambayo hakuna mtafiti ninayemjua aliyewahi kuyagusa!

Mkataba walioniletea una masharti matatu. La kwanza, kila sura ipite kwao kabla ya kwenda kwa msimamizi wangu, na wanaweza kuondoa maneno "yanayoweza kuathiri sifa ya benki". La pili, kwa miaka mitano baada ya kuhitimu nisitoe maoni wala ushahidi wa kitaalamu katika shauri lolote ambalo benki yoyote inabishana na mkopaji. La tatu, nakala za majalada nizirudishe nikimaliza.

Mume wangu anasema nisaini, nikishapata cheti nitasema ninachotaka. Msimamizi wangu bado sijamwonyesha mkataba. Mkuu wa idara yeye hana habari na benki, anachosema ni kwamba nimechagua vibaya tangu mwanzo: rehani ni kazi ya karani, mtu anayetaka kupanda cheo siku hizi aende kwenye haki za binadamu au sheria za teknolojia. Wenzangu wa chumba cha walimu wananiita "Bi Hati".

Kila mwaka nasimama mbele ya wanafunzi nikiwafundisha haki ya mweka rehani kukomboa mali yake. Sasa nimekaa na kalamu mkononi mimi mwenyewe. Nisaini? Na je, ni kweli nimechagua somo lisilo na maisha mbele yake?

Mwanao,
Bi Hati

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitafuta jibu la ulichouliza. Mara ya pili nikakuta jambo ambalo hukuliuliza, umelipitisha katikati ya sentensi kama mtu anayepitisha kikombe, nalo limenitia hofu kuliko hayo masharti matatu. Umesema mengine uliyaandaa mwenyewe.

Majalada hayo uliyafungua ukiwa wakili. Kilichomo ulikipata kwa sababu mteja alikuamini, na siri ya mteja haifi kwa sababu wakili ameamua kuwa mtafiti. Utaniambia mteja ni benki, na benki imeruhusu. Haya, benki inaweza kuachilia siri yake. Ya mkopaji je? Mshahara wake, ugonjwa aliouandikia barua akiomba aongezewe muda, talaka iliyomfanya ashindwe kulipa: hayo yote yamo kwenye jalada, na mwenye nayo hakuulizwa. Tena yule mama wa dakika tano. Huenda jalada lake ni mojawapo ya hayo 400. Siku ile alidhani wewe ni wakili wa nani? Mwaka 2001 Mabwana wa Uingereza, yaani majaji wa mahakama ya juu kabisa ya huko wakati huo, katika shauri la Royal Bank of Scotland dhidi ya Etridge, waliorodhesha mambo ambayo wakili lazima amweleze mke anayeiweka nyumba rehani kwa deni la mume: maana ya hati, ukubwa wa hatari, kwamba anaweza kukataa, tena aelezwe mume akiwa hayupo chumbani. Sikulaumu kwa dakika zako tano, wengi wetu tulitoa tatu. Nasema tu kwamba huwezi kuwa mwandishi wa jalada na mtahini wa jalada lile lile, halafu watahini wa nje wakakuacha upite.

Kwa hiyo, kabla ya lolote, mwonyeshe msimamizi wako mkataba. Wiki hii. Mambo ambayo mwanafunzi wa uzamivu humficha msimamizi wake kwa kawaida ndiyo yanayokuja kumwangusha siku ya utetezi. Kisha andika kwenye pendekezo lako, waziwazi, kwamba umewahi kuifanyia benki hiyo kazi. Majalada uliyoyashika yatolewe yote kwenye utafiti. Yatakayobaki yafutwe majina na mtu mwingine kabla hujayaona. Na kwa muda wote wa utafiti usipokee kazi mpya ya benki hiyo. Hili la mwisho litakuuma mfukoni, nitalirudia.

Sasa tuje kwenye mkataba.

Umeandika kwamba kila mwaka unafundisha haki ya kukomboa. Basi fundisha mara moja zaidi, mwanafunzi awe wewe. Noakes dhidi ya Rice, 1902, unaikumbuka: mwenye baa alikopa kwa kampuni ya kutengeneza bia, akaiweka baa rehani, na akaahidi kununua bia kwao tu mpaka muda wa upangaji wake uishe, hata akiwa amemaliza deni. Mabwana wakakataa. Mtu aliyeweka rehani baa huru, walisema kwa maana hiyo, akilipa arudishiwe baa huru, si baa iliyofungwa kamba. Hakuna sharti linaloruhusiwa kuiziba haki ya kukomboa.

Sharti la pili la benki yako ndilo bia ya Noakes. Miaka mitatu ya posho inaisha, umetoa tasnifu, deni limekwisha. Lakini kwa miaka mitano mingine mdomo wako bado ni wa mkopeshaji. Na si wa mkopeshaji huyo peke yake, maana umeandika "benki yoyote". Mtaalamu wa rehani asiyeweza kutoa maoni katika mgogoro wa benki na mkopaji ni daktari wa meno aliyekatazwa kugusa meno. Mwambie mume wako, kwa heshima zote, kwamba mpango wake wa kupata cheti kwanza na kusema baadaye, walioandika mkataba waliuona kabla yake. Sharti la pili limeandikwa kwa ajili ya mpango huo.

La kwanza ni baya kwa namna nyingine. Sura ikipita benki kabla ya msimamizi, atakayekuwa anakusimamia ni benki. Na hayo maneno "yanayoweza kuathiri sifa" hayana mpaka. Ukiandika kwamba nyumba fulani iliuzwa kwa nusu ya thamani yake, hiyo ni takwimu au ni kuathiri sifa? Atakayeamua ni nani?

Lakini sitaki ukatae kwa hasira, kwa sababu somo lako lina ukurasa wa pili ambao wanafunzi wengi huuruka. Miaka kumi na kidogo baada ya Noakes, katika Kreglinger, shauri linalosomwa katika ripoti za 1914, Mabwana hao hao waliangalia mkopo wa pauni 10,000 ambao wafanyabiashara wa sufu waliipa kampuni ya nyama. Mkopeshaji alipewa haki ya kuuziwa kwanza ngozi za kondoo kwa miaka mitano. Kampuni ikalipa deni mapema, ikataka kujinasua na ngozi. Safari hii Mabwana wakasema hapana: haya yalikuwa makubaliano ya biashara yanayosimama kwa miguu yake, hayaizibi haki ya kukomboa, yatimizwe. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama mfadhili anapata kitu. Mfadhili yeyote anataka kitu. Swali ni kama anachopata kinakuacha urudi na mali yako ikiwa huru.

Pima hivyo. Sharti la tatu, kurudisha nakala, ni ngozi za kondoo. Likubali, ila hakikisha unabaki na jedwali la takwimu lisilo na majina, vinginevyo mtahini akikuomba ushahidi utakuwa mikono mitupu. Sharti la kwanza linaweza kugeuzwa likawa ngozi: benki isome rasimu, iwe na siku 30, ionyeshe mahali ambapo siri ya mteja imevuja au takwimu imekosewa, basi. Kuonyesha, si kufuta. Wafadhili wa utafiti wanayo desturi hiyo na hakuna anayeiona ajabu. Sharti la pili halitengenezeki. Lifutwe.

Kuna swali jingine ambalo usaini usisaini lazima uwaulize. Majalada 400 kati ya mangapi? Na aliyeyachagua ni nani? Kama wamekutolea yale ambayo mnada ulikwenda vizuri, mnunuzi akalipa, na chenji ikarudishwa kwa mwenye nyumba, utaandika tasnifu ya kweli tupu kuhusu jambo ambalo halikutokea. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Omba orodha ya mauzo yote ya miaka unayoitaka, kisha uchague mwenyewe kwa kura.

Je, wakikataa kila kitu, utafiti umekufa? Hebu tuangalie. Katika Cuckmere, shauri la Uingereza la 1971 ambalo wote tunalifundisha, mkopeshaji aliuza kiwanja cha rehani; kosa lake lilikuwa nini? Tangazo la mnada halikutaja kibali cha kujenga fleti, na bila kibali hicho kiwanja kilionekana cha bei ndogo. Ushahidi wa uzembe ulikuwa ndani ya tangazo, mahali ambapo kila msomaji wa gazeti angeuona. Matangazo ya minada unayo bure, ya miaka mingi, kwenye maktaba. Anza nayo: yanaeleza nini kuhusu nyumba, yanaacha nini, notisi ni ya siku ngapi, mnada unaahirishwa mara ngapi. Unganisha na upekuzi wa hatimiliki, maana uhamisho kwa mnunuzi unasajiliwa, na wewe unajua kupekua kuliko wenzako wanaokucheka. Ongeza hukumu. Hukumu zina kasoro moja unayopaswa kuiungama kwenye sura ya mbinu: zinakuonyesha waliopata nguvu ya kwenda mahakamani, na anayeuziwa nyumba mara nyingi ndiye asiye na nauli ya kwenda huko. Kwa hiyo wahoji wakopaji wenyewe, na wahoji madalali, watu wanaojua mengi na ambao watafiti huwaogopa bila sababu.

Kitu ambacho huwezi kukipata hivyo ni hesabu ya ndani: bei halisi ya mauzo yasiyo ya mnada, gharama alizokatwa mkopaji, chenji iliyorudi. Kwa hilo majalada ya benki ni dhahabu, sitakudanganya. Ndiyo maana nasema jadiliana nao kwanza. Lakini ukienda kujadiliana ukiwa na utafiti unaoweza kufanyika bila wao, utakaa kwenye kiti tofauti.

Kuhusu mkuu wako wa idara na hao wanaokuita Bi Hati. Nimefundisha somo hili miaka mingi na kejeli hiyo ni ya zamani kuliko mimi. Jaji Macnaghten, mwaka 1904, alisema ana hakika hakuna mtu ambaye kwa akili yake ya kuzaliwa tu amewahi kuielewa rehani ya Kiingereza. Hati inasema umehamisha mali, kumbe hujahamisha. Inasema siku ya mwisho ni fulani, kumbe si ya mwisho. Kitu kinachosema kimoja na kumaanisha kingine kwa karne kadhaa kinahitaji msomi, si karani.

Na kama anataka haki za binadamu, azitafute wapi zaidi ya kwenye nyumba ya mtu? Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika shauri la Gundwana, ilisema ofisa msajili wa mahakama hawezi kuidhinisha kuuzwa kwa makazi ya mtu yaliyowekwa rehani. Jaji lazima aangalie, kwa sababu Katiba inalinda haki ya kuwa na makazi. Mwaka 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la Mohamed Aziz, mkopaji wa Hispania. Alikuwa amekopa euro 138,000 mwaka 2007, akashindwa kulipa, akatolewa nyumbani Januari 2011. Mkataba wake ulikuwa na riba ya kuchelewa ya asilimia 18.75. Sheria ya Hispania haikumruhusu kusimamisha mauzo kwa hoja kwamba sharti ni la dhuluma. Angeweza kushtaki pembeni, akashinda, akapata fidia, na nyumba imekwenda. Jaji mmoja wa mahakama ya biashara huko Barcelona hakuridhika, akapeleka swali kwa mahakama hiyo ya Ulaya, Luxembourg, na jibu lililorudi liliilazimu Hispania kubadili utaratibu wake mwaka huo huo. Jaji alianza kwa kuusoma mkataba wa rehani, sharti kwa sharti, kama unavyofanya wewe siku zako mbili za wiki.

Karibu zaidi, angalia jinsi sheria za ukanda wetu zilivyojaa namba ambazo bado zinahitaji mtu wa kuzipima. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 inamtaka mkopeshaji apate bei bora inayoweza kupatikana, na bei ikiwa chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba amekiuka wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Kwa nini 25? Minada mingapi inaishia kwenye 24? Kanuni za Rehani za Uganda za 2012 zinamtaka anayeomba mnada usimamishwe aweke kwanza asilimia 30 ya thamani ya mauzo ya haraka, au ya deni. Mtu aliyeshindwa kulipa mwezi mmoja ataitoa wapi asilimia 30? Au je, bila kizuizi hicho kila mnada ungesimama na hakuna benki ambayo ingekopesha nyumba tena? Mimi nina maoni yangu, lakini sina takwimu, na kila ninayebishana naye hana takwimu. Wewe unataka kwenda kuzitafuta halafu eti umechagua somo lisilo na maisha!

Kuhusu cheo, sina mengi. Jarida halikubali makala kwa sababu somo ni la mtindo, linakubali kwa sababu mwandishi ana kitu ambacho hakikuwepo. Toa makala ya kwanza kutoka kwenye sura ya matangazo ya mnada kabla hujafika katikati ya uzamivu. Usisubiri tasnifu iishe, wengi waliosubiri bado wanasubiri.

Ila jambo moja la kazi hii nikuambie kwa sababu lilinikuta. Nilipokuwa kijana kama wewe niliandika maoni ya kitaalamu kwa mkopeshaji mmoja, nikalipwa vizuri, nikasahau. Miaka tisa baadaye nilikuwa natoa ushahidi upande wa mkopaji. Wakili wa upande wa pili akasimama, akafungua karatasi, akanisomea aya yangu mwenyewe mbele ya jaji, polepole, kama anayesoma barua ya mapenzi iliyookotwa. Ilinibidi nieleze ni wapi nilibadili mawazo na kwa nini. Niliweza, kwa sababu nilichoandika kwanza nilikiamini nilipokiandika. Kama kingekuwa kimefutwafutwa na aliyenilipa, ningesema nini?

Sasa mfuko. Kukopa harusi, kulipa matanga, na posho ya namna hii ni mkopo tu hata kama haiitwi hivyo. Ufadhili wa ada unao tayari, pengo lako ni la kujikimu. Kama benki itakataa marekebisho, omba uzamivu wako uwe wa muda wa ziada, miaka mitano badala ya mitatu, uendelee na siku mbili za ofisi lakini kwa kazi nyingine: mauziano ya viwanja, mirathi, hati za wanunuzi wa nyumba. Zinalipa kidogo kuliko rehani za benki, najua. Ongea na mume wako kwa namba, si kwa ndoto: tofauti ni kiasi gani kwa mwezi, mtaikata wapi. Mkikuta haiwezekani kabisa, ahirisha mwaka mmoja uweke akiba. Nimeona watu wakiahirisha wakamaliza, na nimeona waliokimbilia hela ya haraka wakaishia kuifungia tasnifu kabatini kwa sababu hawakuruhusiwa kuichapisha.

Rafiki yako wa kitengo cha sheria usimgeuze adui. Huenda masharti hayo hakuyaandika yeye, na huenda anayatetea kwa shingo upande. Mpigie, usianze na barua. Mkumbushe Noakes, kama mlikuwa darasa moja basi mlifundishwa na mwalimu mmoja, atacheka. Kisha mpelekee sharti moja badala ya yale mawili ya kwanza. Nimekuandikia, rekebisha upendavyo:

"Mtafiti ataipatia benki nakala ya rasimu siku 30 kabla ya kuichapisha au kuiwasilisha kwa utahini, ili benki ionyeshe kwa maandishi taarifa binafsi za wateja zilizobaki na makosa ya takwimu. Mtafiti atayazingatia, na uamuzi wa mwisho wa maudhui ni wake pamoja na chuo. Hakuna sharti katika mkataba huu litakaloendelea kumfunga mtafiti baada ya tasnifu kukubaliwa, isipokuwa wajibu wa kutunza siri za wateja."

Msimamizi wako aione kabla hujaituma. Wakiikubali, saini. Wakikata hata ile sentensi ya mwisho peke yake, warudishie mkataba wao na uende maktaba kuanza na magazeti.